Kompyuta Namba Moja

Fundi aliifanya kazi ile kwa moyo mmoja, na hapo ndipo panapouma. Mnunuzi alikuwa amesema atapita Jumatatu kuzichukua kompyuta zote za kafe yao ya intaneti, mradi azikute safi. Safi kwa lugha ya watu wa mashine si kupanguswa vumbi. Ni kufutwa tumboni, pasibaki picha ya mtu wala barua ya mtu, kompyuta iwe kama imetoka dukani jana. Basi Ijumaa mchana, mkewe yuko sokoni na mama yake amejilaza, Fundi akaketi akazifuta moja baada ya nyingine huku anapiga mluzi. Ile ya dirishani, Namba Moja, aliiacha mwisho. Aliifuta vizuri kuliko wenzake, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kuukuu zaidi na aliionea haya mbele ya mnunuzi.

Jioni alimwambia mkewe kazi imekwisha. Mkewe hakuuliza imekwishaje. Alidhani mumewe ana akili ya kuiruka Namba Moja bila kuambiwa, na katika ndoa sijui kama ipo dhana inayoponza watu kuliko hiyo. Wakala, wakalala.

Jumamosi asubuhi Bibi alitoka chumbani ameoga, amevaa gauni lake la kutokea, miwani imening'inia shingoni kwa uzi. Bibi ndiye mama yake Fundi. Kila Jumamosi hupita mlango mdogo unaounganisha nyumba na kafe, akaketi kwenye kiti chenye mto mbele ya Namba Moja, akamngoja mkwewe aje kumfungulia barua. Mkwe mwenyewe mtaa mzima humwita Mama Intaneti, ingawa hakuzaa mtoto wa jina hilo.

Barua hizo zilikuwa za Kitinda, kitindamimba wa Bibi, aliyekwenda ng'ambo kutafuta maisha akiwa kijana wa ndevu za kuhesabika. Zamani zilikuja kila wiki. Kisha zikakatika ghafla, na sasa ulikuwa mwaka wa nne hakuna hata neno. Walimwandikia mpaka wakachoka. Namba za simu alizowahi kuwatumia zilikuwa hazipatikani. Hayo yote hayakumzuia Bibi kuoga na kuvaa. Jumamosi isiyo na barua mpya, Mama Intaneti humsomea ya zamani, naye huipokea kama iliyoingia leo, akicheka pale pale pa kuchekea na kuguna pale pale pa kuguna.

Mama Intaneti akaiwasha kompyuta. Ikachukua muda wake, kama kawaida. Lakini badala ya kisanduku cha barua, kikatokea kioo cheupe kikiuliza anwani na neno la siri. Akabofya tena. Kikauliza tena.

"Nani ameigusa mashine hii?" akauliza, na sauti yake ilikuwa ya chini sana.

Fundi alikuwa mlangoni na kikombe cha chai mkononi. Chai haikunyweka tena.

* * *

Wakati kafe ile inafunguliwa, intaneti ilikuwa kitu cha kufuatwa. Ilipita kwenye waya wa simu ya mezani, na kabla ya kuingia ilikuwa inalia, inakoroma, inapiga miluzi, watu wote kafeni wamekaa kimya wakiombea isikatike. Picha moja ilishuka polepole kutoka juu, paji la uso kwanza, macho baadaye, na kidevu ulikikuta ukirudi kutoka chooni. Nje kulikuwa na benchi la kusubiria zamu. Watu walinyoa ndevu kuja kuandika barua, kana kwamba mwandikiwa atawaona.

Kisha ukaja waya wa kasi, benchi likapungua watu kwa kuwa zamu zilikwenda haraka. Kisha zikaja simu za kugusa, intaneti ikahamia mifukoni mwa watu, na benchi likawa la paka. Mwisho kafe ikawa inachapisha fomu na kutoa nakala za vitambulisho. Fundi alipomwambia mkewe wauze mashine, waweke mtambo wa kudarizi sare za shule, mkewe hakubisha. Alisema tu kwamba Namba Moja tutaona.

Namba Moja ilikuwa ya Kitinda. Kitinda ana kigugumizi, tena si kile cha kujikwaa mara moja ukaendelea. Cha kwake kilikuwa cha kufunga mlango kabisa. Alipokuwa mdogo akitumwa dukani, muuzaji aliwahudumia watatu waliokuja nyuma yake, yeye bado yuko kwenye herufi ya kwanza ya sukari. Akawa mtu wa kunyoosha kidole. Siku aliyoshika kibodi cha kaka yake aliandika ukurasa mzima bila kuinua kichwa, na Mama Intaneti alipousoma ulimtoa machozi kwa kucheka. Jamani, kumbe shemeji yake alikuwa mcheshi! Alikuwa na maneno tele, yamekaa tu ndani yakingoja mlango.

Ndiyo maana, wenzake walipohamia kwenye kupigiana simu za sura kwa sura, yeye alibaki kwenye barua. Alijaribu mara moja. Akakwama, uso umemvimba kwenye kioo, akakata, kisha akaandika kwamba mtandao wa huko ulikuwa mbaya. Hakuna aliyembishia.

* * *

Neno la siri hakuna aliyelijua. Sanduku la Bibi alilifungua Kitinda mwenyewe usiku wa kuamkia safari, kwenye Namba Moja, akaliacha wazi, na tangu siku hiyo halijawahi kufungwa. Mama Intaneti alijaribu jina la Bibi, jina la mji wa kuzaliwa, mwaka, jina la paka waliyekuwa naye. Kompyuta ikakataa yote kwa adabu. Mwishoni ikasema inaweza kutuma tarakimu sita kwenye simu iliyoandikishwa, ile inayoishia na arobaini na saba.

Mama Intaneti akaegemea kiti. Arobaini na saba ilikuwa namba ya simu ya mkononi ya kafe.

Enzi zile, kila aliyefungua barua pepe aliulizwa namba ya simu, na nusu ya mtaa haikuwa na simu. Yeye ndiye aliyekuwa akiwajazia. Wakiuliza tuweke nini hapa, jibu lake lilikuwa moja: weka ya kafe. Mshona nguo, ya kafe. Wanafunzi, ya kafe. Bibi, ya kafe. Hata Kitinda mwenyewe, wiki aliyojifungulia la kwake, alimwambia weka ya kafe, utapata yako huko uendako. Alijiona amesaidia watu, na kweli aliwasaidia.

Ila namba hiyo haikuwa yao tena. Biashara ilipolegea, Fundi alinunua laini ya kampuni nyingine yenye bando nafuu, ya zamani akaitupia kwenye droo. Laini ikilala muda mrefu kampuni huichukua ikampa mtu mwingine. Walilijua hilo siku walipoipiga kwa bahati mbaya wakasikia sauti ya mwanamke wasiyemjua. Siku ile walicheka.

Bibi alikuwa ametulia kwenye mto wake, akiwatazama mmoja baada ya mwingine. Hakuuliza mashine ina nini. Aliuliza kama Kitinda akiandika leo, barua itakaa wapi.

"Itaingia humo humo, mama," Mama Intaneti akamjibu. "Sisi ndio hatutaweza kuifungua."

"Kwa hiyo atabisha hodi, na sisi tumo ndani."

Fundi akaweka kikombe chini, akasema amekosa. Akasema tena. Mkewe alikuwa na maneno makali yamefika mpaka kwenye meno, lakini alimwona mumewe anavyoshikilia ukingo wa meza, akayameza. Akabofya tarakimu zitumwe, akamwambia tu apige ile namba.

* * *

Simu ilipokelewa na mwanamke mwenye sauti ya kazi. Fundi akajikaza, akasalimia vizuri, akaeleza kwamba kuna tarakimu sita zimeingia hivi punde kwenye simu yake, anaomba amsomee. Mwanamke akamwacha amalize. Kisha akampa za uso. Alisema leo wezi mmeamka mapema. Alisema mtu mzima na sauti yake nzito hivyo, haoni haya, aende akalime. Akakata.

Fundi amefanya kazi na watu miaka yote, anaaminiwa funguo za nyumba, na hajawahi kuitwa mwizi. Masikio yalimwaka. Mkewe akachukua simu yake akapiga. Safari hii yule mwanamke hakungoja hata salamu ziishe. Akasema, ahaa, mmeleta na wa kike, na akakata tena. Walipojaribu mara ya tatu, namba zao zote mbili zilikuwa zimezuiwa.

Kibaya zaidi, hawakuweza kumkasirikia. Juu ya vichwa vyao, ukutani, palikuwa na tangazo Fundi alilolichapisha mwenyewe kwa herufi kubwa nyekundu: USIMPE MTU YEYOTE NAMBA UNAZOTUMIWA KWENYE SIMU, HATA AKILIA. Lile la hata akilia aliliongeza yeye, na alijivunia sana. Mama Intaneti akalitazama, akaanza kucheka, kicheko kikageuka kilio katikati ya njia. Akageukia dirishani ili Bibi asimwone.

Bibi alimwona. Akavua miwani, akaikunja.

"Nipeni kile kisimu changu," akasema.

Kilikuwa kisimu cha vitufe walichomnunulia mwaka juzi, na alikuwa anakichukia. Alikitumia kuangalia saa na kumulikia chini ya kitanda. Fundi akaanza kumwambia kwamba mwanamke huyo ni mkali, atamtukana. Bibi akasema yeye hana la kumwomba, anataka kumsalimia tu. Mama Intaneti akabonyeza namba, akaweka spika, akakiweka kwenye meza pembeni ya kibodi.

"Haloo," ikasema ile sauti ya kazi.

"Hujambo, mwanangu. Nasikia kuku hapo ulipo. Wa mayai au wa nyama?"

Kuku wakasikika kweli kweli.

"Wa mayai," mwanamke akajibu kwa tahadhari. "Nani mwenzangu?"

"Mimi ni mama tu. Wanatagaje msimu huu?"

Mwizi gani anauliza kuku wanatagaje? Yule mwanamke akasema wanataga kwa mbinde, chakula kimepanda na wawili wamesusa kabisa. Bibi akamuuliza kama wanalala penye upepo. Wakaliongea hilo la upepo kwa utulivu, Fundi na mkewe wamesimama pale kama wanafunzi waliochelewa. Ndipo Bibi akamwambia kwamba wale waliompigia asubuhi ni mwanawe na mkwewe, si wezi, ni wajinga wake. Akamweleza kwamba namba anayoitumia ilikuwa ya nyumba hii, na kwamba ana mtoto ng'ambo ambaye barua zake zimefungiwa mahali, na hana njia nyingine ya kumpata. Hakuomba tarakimu. Alisema ametaka tu asilale akidhani ametukanana na watu wabaya.

Mlango ukasikika ukifungwa, sauti za kuku zikafifia.

"Mama," mwanamke akasema, na sauti ya kazi ilikuwa imekwisha kabisa. "Huyo mtoto wako anaongeaje?"

Bibi akashika ukingo wa meza.

"Kwa nini unauliza?"

"Nilipoipata laini hii, kuna mtu alinisumbua sana. Tarakimu sita zinaingia, mara simu inalia, namba ndefu ya nje. Nikipokea, haongei. Anafanya m, m, m, basi. Mwanzo nilidhani ananitania. Baadaye nikajua ni mwizi, anataka zile tarakimu."

"Ukafanyaje, mwanangu?"

"Nilimtukana. Kila akipiga nilikata. Mwisho nikamzuia."

* * *

Mama Intaneti ndiye aliyeelewa wa kwanza. Weka ya kafe. Sanduku la Kitinda nalo lilikuwa limefungwa kwa namba ile ile. Huko aliko alipoteza simu, au iliibiwa, au iliharibika, akanunua nyingine, akaulizwa neno la siri, akawa amelisahau, na anwani zote za nyumbani zilikuwa humo humo ndani; kichwani alibaki na namba ya kafe tu. Tarakimu zake zikaja kwa mfuga kuku. Akafanya jambo ambalo Mama Intaneti alijua lilimgharimu kuliko nauli ya kwenda huko. Alipiga simu, kwa mdomo wake, kwa mtu asiyemwona. Alipiga tena na tena, na hakuna aliyemngojea amalize neno.

Akamweleza mkwewe hayo yote pale pale, simu bado iko hewani, akasema kosa ni lake, yeye ndiye aliyewafungia watu wote kwa ufunguo mmoja. Fundi akasema hapana, yeye ndiye aliyeitupa laini. Mfuga kuku naye akadakia kule kwamba yeye ndiye aliyemtukana mtoto wa watu.

"Basi," Bibi akasema. "Mkimaliza kugawana makosa, mmoja anitafutie hiyo namba."

Mwanamke akasema yule mtu yumo bado kwenye simu yake, kwenye orodha ya waliozuiwa. Alimhifadhi kwa jina la Mwizi wa Nje. Aliposema hivyo alianza kulia, na Bibi akamwambia nyamaza mwanangu, ungejuaje? Akaanza kuisoma, tarakimu moja moja, taratibu. Fundi akatafuta karatasi asiipate, akalichana tangazo lake ukutani akaandika nyuma yake. Mwanamke akakumbuka kuuliza kama bado wanazitaka zile tarakimu sita za asubuhi. Bibi akasema hizo zitangoja, na kwamba siku moja atakuja kuwaona hao kuku.

Hawakuwa na hakika ya kitu. Mwaka wa nne ni muda mrefu, mtu hubadilisha namba, hubadilisha mji, na mengine ambayo hakuna aliyeyatamka. Mama Intaneti akapiga kwa simu yake, akaiweka kwenye meza mbele ya Bibi. Ikakaa kimya. Kisha ikaita kwa mlio wa mbali wa nchi za watu. Ikaita tena. Bibi akaivaa miwani yake, sijui ya nini.

Simu ikapokelewa. Sauti ya kiume ikasema neno moja la lugha ya huko, neno fupi, la haraka, la mtu aliyelifanyia mazoezi.

"Kitinda," Bibi akasema.

Upande wa pili ikasikika pumzi, na baada ya pumzi ikaja ile herufi, ikakwama, ikaanza upya, ikakwama. Fundi alimjua mdogo wake kwa kukwama kule kuliko ambavyo angemjua kwa jina. Akafunika uso kwa lile tangazo.

Herufi ikaendelea kugonga. Mama Intaneti alitamani kuisaidia, kama watu wote walivyozoea kumsaidia, kummalizia neno ili yaishe. Akafungua mdomo. Bibi akamwekea mkono juu ya mkono, akatikisa kichwa.

"Taratibu, mwanangu," akasema kwenye simu. "Nimekaa. Nimeshaoga na nimeshavaa. Leo hakuna atakayekukatia."

Mama Intaneti akatazama kioo cha simu, akakumbuka kwamba simu za nje zinakula salio kama moto wa nyasi na la kwake lilikuwa la kubahatisha. Akageuka amwambie mumewe. Fundi alikuwa keshatoka, viatu havijavaliwa vizuri, anakimbia kwenda kununua vocha.